Nilisubiri Mwezi wa Abibu, Mchumba Akaposwa

Jamani, kosa ni langu, asisingiziwe shetani wala jirani mwenye kijicho. Nililifanya mchana kweupe, akili timamu, tena nimevaa tai!

Mimi ni fundi wa friji huku Mabibo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mchumba, nitamwita Skola ingawa si jina lake. Kwao ni Mwananyamala, Wakatoliki, Wamakonde wa Newala. Binti wa nyumba ile haposwi mpaka mjomba wake awepo, na mjomba huja Dar mara moja tu kwa mwaka, Krismasi, akishauza korosho zake. Tukakubaliana nipeleke posa tarehe ishirini na sita Desemba. Mshenga wangu alikuwa Mzee Shomari, jirani yangu, Mzaramo mwenye maneno matamu.

Tatizo, mwaka ule mimi nilikuwa msomi! Nilijiunga na kikundi cha mafundisho kwenye simu, nikaambiwa Krismasi haimo kwenye Maandiko, Januari ni ya wapagani, na mwaka wa Mungu huanza mwezi wa Abibu, mwezi ukiandama na shayiri ikiwa imekomaa. Nikavimba kichwa. Mama mmoja alinitakia heri ya sikukuu nikiwa natengeneza friji yake, nikampa somo la dakika arobaini huku samaki wake wanayeyuka.

Shayiri yenyewe sikuwahi kuiona. Nilikwenda kuiulizia sokoni, muuza nafaka akacheka: "Braza, shayiri kawaulize watu wa kiwanda cha bia." Mimi nisiyegusa bia!

Siku ikafika. Barua ya posa nikaiacha nyumbani, nikamwambia Mzee Shomari apumzike, nakwenda peke yangu kuwaelewesha wakwe. Akanitazama. "Baba, sie Waislamu wenyewe mwezi unatugombanisha kila mwaka. Wewe ndo utauweza?" Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda.

Walikuwa sebuleni wananisubiri, mjomba katikati, Skola kasuka nywele, kavaa kitenge kipya. Pilau ikaletwa. Nikaikataa! Nikasema hicho ni chakula cha sikukuu ya kipagani, naomba maji tu. Watoto nikawaambia nguo zao mpya hazimpendezi Mungu. Kabinti kamoja kakaanza kulia.

Mjomba akaweka kijiko chini. "Mwanangu, mtoto wetu unamtaka au humtaki?"

"Namtaka sana, mjomba. Ila mwaka bado haujaanza."

"Unaanza lini?"

"Mwezi wa Abibu ukiandama, shayiri ikiiva."

"Shayiri ya wapi?"

"Ya Yerusalemu."

Mjomba akawageukia wenzake. "Kwa hiyo binti wa Newala asubiri shamba la Yerusalemu."

Walicheka wote isipokuwa Skola. Alinisindikiza mpaka barabarani, macho yamejaa machozi. "Mjomba anaondoka tarehe sita," akasema. "Njoo siku yoyote kabla ya hapo. Si lazima iwe sikukuu. Njoo hata Jumanne tu, siku haina jina wala nini. Mie nakuomba."

Naona aibu kuandika nilichomjibu. Nilimwambia mwanamke wa imani huwa na subira. Hivyo hivyo! Nikamgeuzia mgongo, nikaondoka najiona nabii.

Machi ikaingia na mvua zake. Kikundini tulikuwa watu kumi na mmoja, na tukawa na miaka mipya mitatu! Hawa wanasema Abibu imeshaanza, wale wanasema bado, mwalimu mwenyewe anasema picha ya shayiri aliyotumiwa haionekani vizuri. Mimi nikauona mwezi kwa macho yangu, nikaona basi. Nikamchukua Mzee Shomari, barua nimeifunga kwenye nailoni isilowe, tukaenda Mwananyamala. Mjomba najua hayupo, nikajipa moyo kwamba barua atatumiwa Newala.

Skola ndiye aliyefungua mlango. Akamwamkia mzee shikamoo, kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nishaposwa. Mjomba alipokea barua tarehe tano, kesho yake akasafiri. Nilikupigia siku nne mfululizo, hukupokea."

Kweli sikupokea. Siku hizo nne nilikuwa kwenye mjadala wa kalenda! Aliyemposa ni fundi bomba, kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka tu.

Nililia njia nzima, mtu mzima na mvua yake. Mzee Shomari hakunisimanga. Alininunulia mihogo ya kukaanga, tukala pamoja.

Imani yangu sijaiacha. Mpaka leo Krismasi sisherehekei, na sioni kosa hapo. Lakini pale sebuleni sikuwa namtetea Mungu hata kidogo. Nilikuwa napenda kushinda ubishi, na niliushinda! Maandiko hayakunikataza kwenda kwa Skola Jumanne. Nilijikataza mwenyewe.

Wewe unayesoma, sikukuu usiyoiamini iache, ni haki yako. Usile usichotaka kula. Ila mtu anayekupenda akikuambia njoo, nenda, mambo ya kalenda mtayazungumza mkiwa wawili. Mimi nimetimiza miaka thelathini na minane, kwa kalenda yoyote utakayoipenda, na ugali najipikia mwenyewe.