Shemeji Alivyozisemea Sinema Bubu

Sijawahi kuona watu wazima wakidanganywa kwa furaha kama nilivyoona katika hoteli yangu mwenyewe, pale sokoni Rodi Kopany. Naiita hoteli kwa sababu ndivyo tunavyoita huku. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi, jiko la kuni kwa nyuma, na runinga ambayo mume wangu aliinunua kabla hajaenda kufanya kazi Mombasa. Nauza chai, chapati, samaki na ugali. Sinema haikuwa mpango wangu. Mpango ulikuwa wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Shemeji alikuwa na maikrofoni na spika moja, na alijiita mtafsiri wa sinema. Kazi hiyo inajulikana: filamu ya Kichina au ya Kihindi inaendelea, na mtu anakaa kando kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili, akichanganya Kijaluo na Sheng, mpaka watu wanashika mbavu. Wapo wanaoiweza. Shemeji hakuiweza. Sauti yake ni nyembamba, na kila waigizaji walipofoka walimfunika. Ndipo akagundua sinema bubu, zile za zamani za Wazungu, za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo hakuna anayesikika akisema neno. Akazipakua mpaka flash ikajaa.

"Shem, hizi ndizo zangu," aliniambia akiichomeka kwenye runinga. "Hazina mdomo. Mdomo ni mimi."

Basi kila Jumapili baada ya kanisa mabenchi yakajaa. Nilisimama na birika langu nikitazama, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyodharau. Sinema zenyewe zilikuwa za aina mbili tu: za farasi na za kuanguka.

Za farasi zilikuwa na mji wenye barabara moja, tajiri mwenye masharubu anayetaka shamba la mjane, na mgeni asiyejulikana anayeingia juu ya farasi mweupe. Watu walipigana risasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuona hata mara moja mtu akichimba kaburi. Jambazi aliyekunywa pombe maisha yake yote aliuona uso wa binti wa mchungaji akaokoka, haraka kuliko mimi ninavyogeuza chapati. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Kehancha, mteja wangu wa siku nyingi, aliamini yote hayo bila taabu. Kilichomkera ni ng'ombe.

"Hawa wanachunga ama wanafukuza?" aliuliza. "Ng'ombe akikimbizwa hivyo atafika soko akiwa mifupa."

Za kuanguka ndizo zilizonichosha zaidi. Mtu mnene anapanda ngazi, ngazi inavunjika. Polisi wanamfukuza mtu ambaye siye, wote wanatumbukia mtoni. Kijana anayekataliwa na baba wa msichana anajificha kwenye pipa la unga, anatoka mweupe, baba anadhani ni jini. Wakikosa la kufanya, wanatupiana keki usoni. Mimi ninayeamka alfajiri kukanda unga nilitazama chakula kile kikiruka hewani, nikauma meno.

Lakini hata upuuzi ule una haki ya kusimuliwa ulivyo. Shemeji hakuusimulia. Kila sinema mdomoni mwake ilikuwa moja: mwanamke ana mume mwema, mwizi anakuja, anamdanganya, anamchukua. Mjane wa shamba, binti wa mchungaji, hata bibi mzee wa kwenye ngazi, wote kwake walikuwa wake za watu walioibwa. Watu walipiga meza na kuguna. Nilijua ugonjwa wake ulipoanzia. Mke wake mwenyewe alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, na yeye aliutangazia ulimwengu kwamba kuna mwanamume alikuja na pikipiki akamwiba. Watu walimhurumia, na huruma ile aliila kama sukari.

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, naye alikuwa akija. Aliketi benchi la mbele kabisa, mikono mapajani. Alikuwa ameugua akawa hasikii kwa masikio yote mawili, na tangu hapo watu waliongea juu ya kichwa chake kana kwamba akili pia imeenda. Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Aliniita Nyar Migori, binti wa Migori, kwa sababu ndiko nilikotoka, na kwa miaka mingi alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu.

Nilianza kugundua kwamba anacheka peke yake. Shemeji alipochekesha watu, mama alikaa kimya. Watu waliponyamaza kumsikiliza shemeji akilia kwa niaba ya mume aliyeibiwa, mama aliangua kicheko, kwa kuwa pale kwenye picha mume huyo alikuwa amekalia kofia yake na anaitafuta. Shemeji alimkazia macho. Watu wakaonyesha vidole vichwani mwao, kwamba masikini, mzee.

Jumapili moja ilikuwa sinema ya farasi. Mwanamke yuko mlangoni, mume ameenda malishoni. Mpanda farasi anafika, mwanamke anamkimbilia, anamvua kofia, anamketisha mezani na kumpakulia chakula. Mume anarudi na bunduki. Shemeji alikuwa amepata chake.

"Mwone mwizi! Anakula sahani ya mwenyewe!" alipaza sauti. "Mama watoto, kumbe ni wewe? Wanawake, nyinyi ni watu gani?"

Watu wakaguna. Hapo mama akasimama. Kiziwi hajui sauti yake ina ukubwa gani, na ile yake ilimfunika shemeji na spika yake.

"Mbona mnamnunia huyo kijana?" aliuliza kwa Kijaluo. "Huyo ni kaka yake. Hamkuona alivyomvuta sikio kabla ya kumpa chakula? Nani anavuta sikio la mwizi?"

Watu wakacheka. Shemeji akamwashiria akae, lakini mama alinigeukia mimi.

"Nyar Migori, wewe unajua kusoma. Yale maandishi yaliyopita, yamesema ni kaka yake au si kaka yake?"

Sinema zile huwa na maandishi ya Kiingereza yanayotokea kidogo katikati, na shemeji aliyapita kila mara bila kuyatupia jicho. Mimi niliyasoma. Yalikuwa yamesema kaka. Chumba kizima kilinitazama. Shemeji alitikisa kichwa polepole, akiniomba. Nikamtazama mama, nikaitikia kwa kichwa, mara mbili, ili hata wa nyuma waone.

"Haya," mama akasema, sasa akimwelekea mwanawe. "Na mke wako pia alikuja kuchukuliwa na kaka yake. Mimi nilikuwa uani. Nilimpa maji ya kunywa. Kwa nini uliwaambia watu ni mwizi, siku zile nikiwa bado nasikia?"

Safari hii watu waliguna wakitazama chini. Yule wa Kehancha ndiye aliyeuliza, kwa upole, "Huyo kaka alimchukua kwa nini, mama?" Lakini mama hakumsikia, na hakuna aliyekuwa tayari kumpigia kelele swali kama hilo. Shemeji alichomoa waya, akabeba spika yake begani, akatoka bila kuniaga, flash akaiacha kwenye runinga.

Nilidhani aibu itamfundisha. Baada ya muda alienda Sindo, kwa wakwe zake, kumwomba mke arudi. Mke mwenyewe ndiye aliyenieleza kwa simu. Kaka yake alimpokea langoni, akamuuliza jambo moja tu: "Huko kwenu unasema nani alikuja kumchukua?" Shemeji, mtu wa kuwasemea wengine kwa saa tatu nzima bila kumeza mate, alisimama pale akichezea funguo. Mke hakurudi. "Ningerudi kama angejibu," aliniambia.

Siku hizi shemeji yuko mjini Migori, kwenye ukumbi wa mtu mwingine, na nasikia watu wanakosa pa kukaa. Bado wake wanaibwa kila Jumapili. Kwangu mabenchi yalibaki matupu, kwa maana niliziacha sinema ziende kimya, na watu wakahamia ng'ambo ya barabara kwenye mpira. Ndio wale wale walioguna kwa aibu siku ile. Kumbe haikuwa aibu. Walikuwa wamekatiziwa hadithi.

Mama anaendelea kuja. Namwekea za farasi, kwani keki zile hata yeye hazivumilii. Katikati ya risasi hunivuta mkono na kuniuliza maandishi yamesema nini, nami huweka birika chini, nikaketi karibu yake na kumweleza kwa ishara za vidole.