Mashua Niliyoikagua Kama Fahali

Siku ninayoirudia sana moyoni, mwanangu, ni ile niliyosimama ufukweni mwa ziwa nikiwa nimeshika kamba ya mitamba wawili, na wadogo zangu watatu wamejibanza nyuma yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la sita baba alipofariki, na mama naye hakukaa sana akamfuata. Kwetu Tarime hatukuwa watu wa maji. Tulijua ng'ombe na mahindi, basi.

Baba mdogo alikuwa ameshapanga. Bhoke aende kwa shangazi kule Issenye, Marwa apelekwe Sirari kwa mjomba, na Ghati, kitinda mimba wetu, abaki kwake.

"Na wewe mwenyewe bado mtoto," aliniambia. "Utawalisha nini?"

Nilimjibu kwamba hatutagawanywa kama nyama. Akanipa muda hadi mavuno yajayo, wazee wa ukoo watakapokaa. Nikaamua kununua mashua ya tanga kwa wale mitamba wawili, nipeleke mahindi na ndizi visiwani, nirudi na dagaa. Wadogo zangu niliwabeba wote safari ile. Niliogopa nikiwaacha, nitarudi nisiwakute.

Fundi wa mashua alikuwa mzee wa Kijaluo, Mzee Owino. Tulimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yetu yote, akatuonyesha mashua mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ndefu, yenye tanga kubwa jeupe. Ilijengwa kwa mashindano ya wavuvi, ambayo zawadi yake ni fahali, na ilikwishashinda. Ya pili ilikuwa pana, tumbo nje, tanga lake dogo lina viraka.

Nikaizunguka ile nyembamba kama tunavyozunguka ng'ombe mnadani. Niligonga ubavu. Nikarudi nyuma hatua tano nitazame mgongo, nikaenda mbele nione ilivyobeba kichwa. Mzee Owino alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Wewe Mkurya! Mfungue mdomo basi, uhesabu meno!"

Wadogo zangu nao wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajiona nikiingia nyumbani na fahali wa ushindi, baba mdogo amesimama mlangoni akinipisha. Nikamnyooshea mzee ile kamba ya mitamba. Kwetu kamba ikipokelewa, biashara imekwisha.

Hakuipokea. "Pandeni kwanza," alisema. "Wote."

Tuliisukuma majini, akapandisha tanga. Upepo ulipolishika, mashua ililala ubavu, maji yakaingia. "Upande wa juu! Ning'inieni!" Mimi na Marwa tukaning'inia nje hadi migongo ikagusa mawimbi. Bhoke alimkumbatia Ghati aliyekuwa analia, maana hapakuwa na mahali pa kumweka. Mzee Owino alishika usukani kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

"Hii inataka wanaume wanne wa kuning'inia," alisema. "Wazito, walioshiba. Unao wangapi?"

"Nitawatafuta."

"Watakula kwa nani? Na mahindi utayaweka wapi, mapajani?"

Ndipo aliponitazama usoni, sauti yake ikashuka. "Kijana, umeniambia unataka kuwalea hawa. Mbona umechagua chombo ambamo hawana pa kukaa?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa fimbo na baba, na nimewahi kufukuzwa kazi mbele za watu. Hakuna kilichonichoma kama swali lile.

Tukapanda ile pana. Ghati alilala juu ya magunia matupu. Baada ya muda Marwa akauliza, "Kaka, tumeshaondoka?" Nilipogeuka, ufukwe ulikuwa mbali nyuma yetu. Tuliporudi nilimpa mzee kamba, akaipokea kwa mikono miwili.

Tulipanga chumba karibu na mwalo, pale mashua zinaposhushia samaki, Bhoke na Marwa wakaingia shule ya pale. Vijana waliipa mashua yetu jina la Sufuria. "Sufuria imeondoka jana," walisema, "itafika keshokutwa!" Siku ya mashindano ile nyembamba ilitupita karibu, wanaume wanne wamening'inia wakituzomea. Niliumia, sitakuficha. Marwa aliruka akitaka tuwakimbize. Tulikuwa na magunia kumi na manne ya mahindi ya watu. "Kaa chini," nilimwambia, nikashika usukani wangu kuelekea kisiwani.

Mavuno yakafika, wazee wakakaa. Baba mdogo akaniuliza nimeleta nini. Sikuwa na fahali. Kabla sijafungua mdomo, Bhoke akasimama, msichana mbele ya wazee bila kuitwa, daftari lake mkononi.

"Tumekula kila siku, baba mdogo," alisema. "Na mimi bado nasoma."

Baba mdogo alimwita Ghati, akamshika mkono, akaupapasa mkono ule ulionenepa. "Basi," akasema, "wakae na kaka yao."

Mwanangu, wewe huenda hutanunua mashua. Utachagua pikipiki, kazi, mji wa kuishi, mwenzi. Kitakachokwenda kasi kitakuita kwa jina lako, na watu watakupigia makofi ukikigusa. Kabla hujanyoosha kamba yako, wapandishe kwanza wale unaosema unawahangaikia. Waone wanavyokaa. Wakikosa nafasi, shuka, hata kama umeshakipenda, hata kama utachekwa mwalo mzima. Na ukishachagua chombo chenye nafasi yao, usitazame kila tanga linalokupita. Shikilia usukani.

Mungu akupe upepo unaokutosha na mkono usiochoka. Na popote utakaposhukia, ushuke na wote uliopanda nao.