Mikate ya Posa kutoka Guatemala

Binti yangu alipotuambia kwamba kijana anayetaka kumwoa kwao ni Guatemala, niliitikia "Ahaa" kwa sauti ya mtu anayeifahamu nchi hiyo. Nilidhani iko jirani na Brazili. Kidato cha nne nilipata D ya jiografia, na tangu nihamie Toronto safari yangu ndefu ni ya kutoka kwenye kochi hadi dirishani, kuangalia kama theluji imeacha.

Nikapewa wiki tatu. Mama wa kijana, mjane, angekuja kwetu North York kuposa kwa desturi ya kwao. Binti alisema wazi: mama yule akiondoka na kinyongo, ndoa hakuna. Amemlea kijana peke yake, na neno lake ndilo la mwisho.

Basi nikasoma. Nikaazima maktabani kitabu kikubwa cha picha, nikajilaza nacho. Kumbe nchi yenyewe iko kwenye kile kiuno chembamba kinachounganisha Amerika mbili. Sisi wa Kilimanjaro tuna mlima mmoja na tunaringia dunia nzima. Wao wana volkeno zaidi ya thelathini, na watu wanapalilia mahindi huku moja inafuka juu ya vichwa vyao. Wana ziwa lenye volkeno tatu ukingoni. Wana lugha za Wamaya zaidi ya ishirini, ukiacha Kihispania. Mwanamke wa nyanda za juu ukiiona blauzi yake ya kufuma, unaweza kujua kijiji alikotoka. Na wazee wao husimulia kwamba binadamu alifinyangwa kwa mahindi. Hapo nikawapenda. Mimi na ugali tunafanana hadi tumbo.

"Umeshazimaliza volkeno?" mke wangu akaniuliza. "Haya, shuka uoshe vyombo."

Jumapili mchana mgeni akaingia na mwanawe. Mama mfupi, blauzi nyekundu yenye ndege waliofumwa, mikononi kikapu kilichofunikwa kitambaa. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikapokea kwa miwili, nikashukuru, nikakipeleka moja kwa moja chumbani na kufunga mlango. Ndivyo nilivyolelewa: zawadi ya mgeni haifunguliwi mbele yake, utaonekana mlafi.

Kule chumbani nikainua kitambaa. Mikate midogo ya mviringo, kila mmoja na kinundu juu, inanukia shamari. Nikala mmoja. Haraka, nimesimama, kama mwizi.

Nikarudi sebuleni. Mama amekaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani. Kijana anatazama zulia. Nikawamwagia jiografia yangu yote: ziwa, volkeno, kahawa. Hakuna aliyetafsiri. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Ndipo binti yangu, ambaye miaka yote hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimia, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Baba, umewakatalia."

"Nani, mimi? Lini?"

"Ile mikate ndiyo posa yenyewe. Inaliwa hapa, wote pamoja. Ukiiweka kando, umesema hapana. Na kwao mama haombi mara mbili."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulisema umesoma."

Mama akasimama na kuchukua koti lake. Akatia mkono mmoja. Nikakipekua kitabu changu akilini, hakikuwa na ukurasa wa hapo. Akanisogelea kuniaga, kisha akasita. Akanitazama mdomoni. Akanyoosha kidole, akagusa masharubu yangu, akakiangalia kidole: chembe za mkate.

Akamwambia mwanawe jambo. Mwanawe akamnong'oneza binti yangu kwa Kiingereza. Binti akanigeukia.

"Anauliza umekula mingapi."

"Mmoja. Mwambie mmoja tu."

"Muongo huyu," mke wangu akadakia, "mwambie akahesabu mwenyewe!"

Hilo nalo likatafsiriwa, kijana akiona aibu. Mama akautoa mkono kwenye koti, akaketi, safari hii akaegemea kabisa. Alisema, kwa njia ileile ndefu ya wakalimani wawili, kwamba baba wa binti amekwisha kubali mafichoni. Sasa alete kikapu akubali mbele za watu.

Nikakileta mbio. Akaumega mkate, nusu akampa mke wangu, nusu akanipa mimi. Ule wa chumbani ulishuka wenyewe. Huu niliula polepole, maana binti yangu alikuwa ameniegemea bega, na safari hii nilijua ninachotafuna.