Theluji Haikutoka Kwetu

Kwa miaka mingi sisi ndugu watatu tulipokezana mvua. Ikininyeshea mimi asubuhi hapa Louisville, nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Whitehall, pembeni ya Columbus: "Anua nguo, inakuja." Ikishampita, naye alimpigia dada yetu mkubwa aliyeko Cheektowaga, karibu na Buffalo. Dada alikuwa akicheka.

"Mvua nileteeni. Theluji ni yangu mwenyewe, inatoka ziwani."

Hilo la ziwa tulilisikia kila mwaka na hatukulitia maanani.

Dada alifariki Jumapili moja ya Novemba, baada ya kuugua tangu kiangazi. Jumatatu Louisville kulikuwa na joto, nikaenda kazini ghalani na shati tu. Jua lile lilinichukiza. Jumanne upepo uliangusha majani yote yaliyobaki. Jumatano ilinyesha kutwa. Nilitoa simu nimwambie mdogo wangu kwamba inakuja, nikairudisha mfukoni. Habari ingeishia kwake.

Mazishi yalikuwa Ijumaa mchana. Kwetu, tangu kambi ya wakimbizi Tanzania tulikokulia, ndugu wa tumbo moja hutia udongo kaburini kwa mikono yao. Mama tulimzika hivyo, watatu tumechuchumaa. Sikutaka kingine chochote, nilitaka kuwahi hilo.

Alhamisi nilipotoka kazini niliendesha gari hadi Whitehall. Mbingu ilikuwa imetakata. Mdogo wangu alitazama juu, kisha akatazama koti langu.

"Kaka, hicho ni kikoti cha kwendea harusini."

"Si unaona jua? Mvua imetupita sote. Huko nako itakuwa imeshapita."

"Basi tulale, tuondoke asubuhi."

Tungeweza kuondoka jioni ile.

Ijumaa jua lilitusindikiza mpaka barabara ilipoanza kufuata ziwa. Hapo mbele pakasimama kitu cheupe kama ukuta, na tulipoingia ndani yake hatukuona hata gari la mbele. Malori yalisimama. Nasi tukasimama, injini ikiunguruma, saa ya mazishi ikaja na kupita.

"Alituambia," mdogo wangu akasema.

Nitasema kweli: sikulia. Niliwaza baridi ya miguu yangu, na nikaona aibu kuwaza miguu siku ile.

Tulifika Cheektowaga giza limeingia. Shemeji, mume wa dada, alitufungulia mlango akiwa bado na suti.

"Wamemfukia kwa mashine," alisema. "Niliwaomba wangoje. Wakasema theluji itawazuia kutoka."

"Tusamehe, shemeji."

"Vueni viatu kwanza. Njooni jikoni."

Sakafuni, kando ya kipasha joto, kulikuwa na beseni ambalo dada alikandia unga. Lilikuwa limefunikwa kwa kitenge chake. Shemeji alikifunua. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, wenye vimizizi vya nyasi.

"Ningeuacha kule makaburini ungeganda ukawa jiwe," alisema. "Hii ni sehemu yenu. Nimewaambia watu kwamba mazishi hayajaisha."

Mdogo wangu alikaa palepale sakafuni akalia kwa sauti. Mimi nilishika ukingo wa beseni, basi.

Jumamosi kulikucha kweupe, bila upepo. Garini nililipakata beseni, nimelifunika kwa kile kikoti changu. Makaburini shemeji alifagia theluji kwa ufagio wa nyumbani mpaka kaburi likaonekana, kisha akasogea pembeni. Tulichuchumaa, wawili safari hii.

Nilipoingiza mkono, udongo ulikuwa bado na joto la jikoni kwake. Hapo ndipo nilipolia.

"Taratibu, kaka," mdogo wangu akasema. "Usitie mwingi."

Tukatia kidogo kidogo, kila mmoja akimwachia mwenzake, ili usiishe upesi.