Upande wa Kushoto wa Mtambo

Kazini walimwita Mama Chembe, na jina likamganda hadi nyumbani, ingawa mama yake mzazi hakuwahi kuzielewa chembe zenyewe, vile vipande vidogo kabisa vinavyounda kila kitu.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," alimwambia asubuhi moja, akimsogezea chai.

"Kila chembe ina pacha wa kinyume, mama. Zikikutana zinamalizana, unabaki mwanga tu. Mwanzo wa ulimwengu zilikuwa sawa kwa sawa, kwa hiyo hata sisi tusingekuwepo. Lakini tupo."

"Basi upande mmoja ulipendelewa."

"Ndio ninaoutafuta, huo upendeleo."

Aliutafuta kwa miaka, katika chumba kisicho na dirisha, macho yakimwasha kwa kompyuta. Kwa vipimo vya mtambo mkubwa unaonasa chembe, alilinganisha jinsi chembe nzito, ziishizo kufumba na kufumbua, zinavyovunjika, na jinsi pacha zao zinavyovunjika. Mwaka mmoja tofauti ikajitokeza, tena kubwa. Watu ambao hata salamu hawakuwa wakimpa wakaanza kumsimamisha koridoni. Mkuu wake akaitisha mkutano wa kuitangaza.

Siku chache kabla ya mkutano, roho ikakataa kutulia. Sumaku ya mtambo hupinda chembe kushoto na pacha zake kulia, na mara kwa mara hugeuzwa ili zibadilishane upande. Akatenganisha vipimo vya kabla na baada ya kugeuzwa. Kumbe tofauti nayo iligeuka, ikaifuata sumaku. Chembe hazikuwa na upendeleo wowote mkubwa. Mtambo wenyewe ulikuwa hauoni vizuri upande wa kushoto.

Angeweza kunyamaza. Akajikokota hadi kwa mkuu wake.

"Mzee, si kweli. Ni mtambo."

Mkuu akavua miwani, akajisugua uso. "Una uhakika?"

"Natamani nisingekuwa nao."

"Haya. Mkutano niachie mimi. Wewe kapumzike."

Hakupumzika. Alianza upya, akirekebisha kasoro ile kipimo kwa kipimo, na waliokuwa wakimsimamisha koridoni wakarudi kumpita. Mwishowe ikabaki tofauti ndogo, isiyotosha kuapia. Ikachapishwa hivyo hivyo, kama dalili tu, jina lake likiwa limebanwa katikati ya mamia ya majina mengine.

Hapo ndipo alipoomba likizo. Siku ya kwanza jirani alibisha hodi karibu na adhuhuri.

"Amelala," mama yake alimjibu kwa sauti ya chini, akirudishia mlango. "Mwache kwanza, amechoka."