Vidonge vyangu vya pumu viliitwa dawa ya kufunga uzazi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mashemeji zangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, nimeolewa Gesima, na kinyaa nilichonacho nimekimeza tangu ujana.

Niliolewa mwishoni mwa miaka ya tisini nikiwa na pumu. Mume wangu alijua. Aliniomba nisiwaambie kwao, eti watasema ameoa mgonjwa, nami kwa ujinga wa mapenzi nikakubali. Baridi ya huku na moshi wa jikoni vilinitesa. Pua imeziba, kifua kinapiga filimbi, nami nasema ni homa tu. Kisha binamu yangu wa ng'ambo akanitumia vidonge vipya. Mimi na mume wangu tukavipeleka kwa daktari mjini Kisii, akatueleza sote wawili kwamba si vya kumeza ukibanwa kifua. Unameza kimoja kila jioni hata ukiwa mzima, vinazuia kemikali ya mwilini inayovimbisha pua na kubana njia za hewa. Baada ya wiki chache nikawa nalala chali kama watu wengine, nachuma chai bila kusimama kuhema.

Mama mkwe akanifuma nikimeza. Miezi minane ya ndoa, tumbo halionekani, na bibi harusi anameza kidonge kila jioni kwa kujificha! Akatuita sebuleni pamoja na mashemeji, akaviweka mezani.

"Mgonjwa anameza dawa akiugua," alisema. "Huyu anameza na hana shida. Hii ni ya kufunga uzazi."

Nikasema ni za pumu. Wakacheka, pumu gani, si ulisema ni homa tu? Wakamgeukia mume wangu. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu chake.

"Mimi sijui anameza nini," akasema.

Vidonge vikatupwa chooni. Wiki ya tatu nilianguka katikati ya majani chai, midomo imekuwa ya buluu, nikalazwa siku sita. Mama mkwe akatangaza kanisani kwamba dawa za kufunga uzazi zimeniharibu kifua. Alilirudia hilo miaka yote, hata baada ya mimi kumzalia wajukuu watatu, na mwanawe akisikia, anaendelea kunywa chai yake.

Sasa mama huyo amefariki. Ijumaa tunamzika, na mimi ndiye nitakayezungumza kwa niaba ya wake wa boma. Jana mume wangu aliniletea karatasi aliyoiandika mwenyewe, niseme mama alinitunza nilipougua. Nimeisoma nikaikunja. Yule mama alikosea kwa kutojua. Huyu alijua, na ndiye ninayempakulia chakula kila siku.

Nikiisoma karatasi hiyo, uongo wake utakuwa wangu. Nikisema ukweli, watoto wangu watamjua baba yao mbele ya kijiji kizima. Ndugu zangu, nishaurini. Nikipewa kipaza sauti Ijumaa, niseme nini?