Darubini ya Mara Kumi

Dada yangu Mahbuba hajapatapo kununua kitu bila kukitia adabu kwanza. Tikiti maji analigonga mpaka muuzaji anaona haya. Kitambaa anakivuta, anakinusa, anazunguka duka zima, halafu anarudi kwa kile kile. Kwa hivyo aliponambia, "Nasriya, nisindikize madukani Hamriya, nnataka darubini ya bunduki," nlijua siku yangu ishakwenda. Nlivaa viatu vya chini.

Marehemu Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga shabaha wa timu ya mtaa wetu, Mabela. Timu ya watu wanne, masafa mita mia sita, na yeye kapiga miaka yote kwa macho matupu. Alipofariki nafasi yake ikaachwa wazi mwaka mzima. Kisha Ami Khalid, mdogo wake Baba na mkubwa wa timu, akatwita sote nyumbani kwake akasema nafasi itabaki kwa watoto wa marehemu. Watashindana, na atakayeshinda ndiye atakayeichukua bunduki ya Baba. Sote tulijua anamkusudia nani. Anamkusudia Taimur, kitinda mimba wetu, mwanamme peke yake.

"Na mie nimo," akasema Mahbuba.

Ebo! Kikombe cha Ami kilisimama hewani. Kisha akacheka, wala si kwa ubaya, akasema, "Haya mwanangu, umo." Alidhani ni mchezo. Mie simo katika waliocheka, maana namjua dada yangu. Jumamosi za ujana wake wote alikuwa uwanjani na Baba, na huyo Taimur, nani alimfunza kushika bunduki kama si yeye? Siku ile ya kwenda Hamriya, garini, macho yake barabarani, alinambia wazi: "Nikiikosa bunduki ile, Nasriya, itakuwa kama nimemzika Baba mara ya pili."

Basi kanuni za siku hizi zinaruhusu darubini, na macho ya Baba hakuna aliyeyarithi. Taimur, bwana mkubwa wa benki, kaagiza yake ya riali mia sita. Ndefu kama mkono wangu, inakuza mara ishirini na tano, na picha yake kashaitia kwenye grupu ya familia mara tatu, moja yuko na miwani ya jua. Mahbuba alikuwa na riali mia mbili, na humo humo zitoke pete za kuifungia darubini na risasi za mazoezi.

Dukani Hamriya, muuzaji alikuwa kijana wa Kenya, Fidel, mcheshi, shati limepigwa pasi. Akaweka moja juu ya meza. "Madam, hii ndiyo inaenda sana. Inavuta mpaka mara ishirini na nne, na bei iko chini."

"Inavuta nini?" akauliza Mahbuba.

"Si inaleta kitu karibu?"

"Hebu tuone."

Akamwomba mito miwili ya kiti. Akailaza darubini juu yake, akailenga mlangoni mpaka kwenye bango la kinyozi ng'ambo ya barabara, akaweka mistari ya kulengea juu ya herufi moja. Kisha akakizungusha kifundo cha juu, kile cha kusogeza mistari, tiki ishirini, akakirudisha tiki ishirini, bila ya kuisogeza darubini yenyewe. Akachungulia. Mistari haikurudi pale pale. Ilikaa pembeni ya herufi.

"Hii muongo," akasema.

Fidel akacheka mpaka akashika meza. Akaleta ya pili, nayo muongo. Ya tatu ilirudi sawa, lakini ukikuza sana kioo kinaingia ukungu kingoni. Dada yangu anafanya kazi maabara ya zahanati, anashinda na hadubini, mtu wa kumdanganya kwa kioo bado hajazaliwa. "Kukuza si kuona," akamwambia Fidel. "Ukikuza ukungu unapata ukungu mkubwa."

Mie huku nishakaa juu ya kasha, njaa inaniuma. Wateja wawili washaingia wakatoka.

Mwisho Fidel akapanda ngazi, akateremsha kisanduku chenye vumbi. "Kuna hii, Madam. Lakini ni ya kizamani. Ni mara kumi tu, haiongezeki, haipungui. Watu hawaitaki."

"Hata mie wa kizamani," akasema Mahbuba, akailaza kwenye mito. Tiki ishirini juu, tiki ishirini chini. Akaifanya tena, na tena, mara sita. Kisha akanyanyuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nlimwona anatabasamu. Akanunua na pete nzito za chuma, zile ghali, nami nikapiga kelele kwamba pete zinakula nusu ya bei ya darubini. "Darubini inayotikisika juu ya bunduki haina thamani, hata ikiwa ya dhahabu," akanijibu. Zilizobaki zote zikaenda kwenye risasi, na miezi miwili hakuna Jumamosi aliyoonekana nyumbani.

Siku ya mashindano tulikwenda uwanjani asubuhi, lakini msimamizi wa shabaha alichelewa, gari imemharibikia njiani. Wakaanza saa tano na nusu. Wacha jua! Bonde lote la changarawe linachemka, na mazigazi yamesimama juu ya ardhi, ukitazama kule mbali unaona maji yanatetemeka ambapo hakuna hata tone. Mie na birika langu la kahawa chini ya turubai, na darubini ya mikono ya kutazamia bendera ya msimamizi: juu ni ndani, ubavuni ni nje, upande ule ule iliokwenda risasi. Kila mmoja na bunduki ya kuazima ya timu, juu yake darubini yake mwenyewe, risasi tano, kisha tano tena.

Taimur kwanza. Akakuza mpaka mwisho, ishirini na tano kamili, mara akanyanyua kichwa. "Linacheza!" akasema. Shabaha ilikuwa inamcheza machoni kama nguo kwenye kamba. Akapunguza mpaka nusu, ikatulia, akapiga. Mbili ndani ya duara jeusi, tatu nje. Akafuata Mahbuba. Nne ndani, moja nje, mara kumi yake ile ile, hana cha kuongeza wala kupunguza. Ami Khalid sasa hacheki.

Nkamsogelea dada, nkamnong'oneza, "Ishakuwa yako!" Yeye hanisikii. Anamtazama Taimur, aliyekaa kwenye mkeka akiipangusa ile darubini ya mia sita, uso umemshuka. Kisha akanyanyuka, akamwendea.

"Upepo unatoka kushoto," akamwambia, "na risasi zako zote tatu zimekwenda kushoto. Upepo ndio uliozivuta kwake?"

Taimur akamkodolea macho.

"Vile vialama vya kukisia upepo, kwenye darubini yako vinasema kweli ukiwa umekuza mpaka mwisho tu. Ukipunguza nusu, kialama kimoja kina thamani ya viwili. Unalipa upepo mara mbili, Taimur. Chukua nusu ya unavyochukua."

Khaa! Nlimvuta baibui lake. "Umepagawa? Bunduki ya Baba hiyo, unamgaia?"

"Siitaki nikiipata kwa sababu mdogo wangu hajui kitu chake mwenyewe," akasema. "Nlimfunza nusu. Ngoja nimalize."

Wallahi nilikasirika, nikamwaga kahawa yangu chini. Na Taimur, bila haya, akalala akapiga tano, na zote tano ndani. Jumla saba. Sasa dada anataka nne ili ashinde, na tatu ni sare, na Ami Khalid kwenye sare tunajua atampa nani.

Mahbuba akalala. Ya kwanza akakosa. Nkafumba macho, nkasoma nilichokuwa nakikumbuka. Nikafumbua. Yeye katulia, shavu kwenye kitako cha bunduki, anayatazama yale mazigazi yanavyolalia upande unakokwenda upepo. Akangoja. Ami akakohoa, yeye akangoja. Yaliposimama wima, upepo umekata, akapiga. Ndani. Akangoja tena. Ndani. Ya nne ndani. Ya mwisho sikutazama bendera, nlimtazama yeye, na nlijua kabla msimamizi hajainyanyua. Nlipiga vigelegele mpaka mbwa wa mlinzi wakaitikia.

Ami Khalid mwenyewe ndiye aliyekwenda garini. Akarudi na bunduki ya Baba katika mfuko wake wa turubai, akasimama mbele ya Mahbuba. Akampa kwa mikono miwili. "Kaka angefurahi," akasema, akageuka upesi.

Pale juu ya mtutu pana mahali pa kufungia darubini, Baba alipaacha patupu umri wake wote. Taimur akapiga magoti, akaichukua darubini ya dada, akaifunga mwenyewe kwa zile pete nzito, akakaza kila skrubu. "Nipeleke kwa huyo Fidel wako," akamwambia, na sote tukacheka, hata mie niliyekuwa bado nimenuna.

Mahbuba akalala na bunduki ya Baba. Haikuwa na risasi ndani, alitaka kutazama tu. Akatazama muda mrefu, mita mia sita, karatasi jeupe na duara jeusi, karibu naye kama bango la kinyozi. Kisha akasema, jicho bado liko kwenye kioo:

"Maskini Baba. Hakupatapo kuiona shabaha hivi."

"Na alikuwa haikosi," akasema Taimur, akalala pembeni yake juu ya changarawe, na suti yake ya michezo mpya.